Sauti Niliyoivalisha Nyeusi

Sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, niliiandaa kichwani kabla hajapata hata mchumba. Nilijua wimbo atakaoingilia ukumbini, nilijua shangazi yetu atakaa kiti gani, nilijua utani nitakaowatania wakwe na mahali nitakaponyamaza ili watu wajifute machozi kidogo kabla ya keki. Mimi ni MC, au mshereheshaji kama tunavyoandika kwenye kadi zetu tukitaka kuonekana tumesoma. Mtu wa kazi hii akiwa na mdogo wa kike aliyemlea mwenyewe, hiyo ndiyo shughuli anayoisubiri maisha yake yote. Nyingine zote ni mazoezi.

Na nilimlea kweli. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa bado anajifunza kusoma, baba akabaki kijijini Mungaa na mashamba yake ya alizeti, mbuzi wake na ubishi wake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba na sebule Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, nikamchukua. Nilimsuka nywele, nikamchapa alipostahili, nikamsomesha mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Ananiita Dada, lakini akiugua huwa anasahau na kuniita Mama, nami sijawahi kumsahihisha.

Enzi hizo kazi ilikuwa inanilisha na kunipa kiburi. Mwaka wa alizeti nzuri Singida nzima inaoa. Watu wakishavuna na kuuza, kumbi hazitoshi, na kila Jumamosi mjini kuna msafara wa magari yanayopiga honi. Nilikuwa na gauni jekundu la kumetameta na jingine la rangi ya dhahabu, wigi refu, na viatu ambavyo fundi wa sokoni alivishona kisigino mara nyingi mpaka akaniomba nimwonee huruma. Na nilikuwa na sauti. Sijisifu, sauti kwetu ni kifaa cha kazi, seremala ana randa, mimi nina koo. Kwenye harusi sauti unairusha juu mwisho wa sentensi ili ukumbi uidake na kuirudisha kwa vigelegele. Unamwita mjomba wa bwana harusi aje mbele na zawadi yake kwa namna ambayo hata kama hakupanga kucheza atacheza. Watu walisema nikishika maiki hata bibi mwenye magoti mabovu anatafuta mahali pa kuegesha fimbo yake.

Kisha mvua zikatukimbia. Mwaka ziliporudi, bei ya alizeti ikawa imeanguka, magunia yakalala ndani, wenye mashine za kukamua wakakaa barazani wanacheza bao. Mambo ya uchumi siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachojua ni kwamba mji ulipokaukiwa hela, wa kwanza kukatwa kwenye kamati za harusi alikuwa MC. Walianza na mimi, wakaja kwenye mapambo, wakamalizia na soda ya pili. Kila ukoo, niligundua, una mjomba mchangamfu anayeweza kushika maiki bure. Sherehe zikahamia mchana kwa kuwa ukumbi wa mchana ni nafuu, nyingine zikahamia uani chini ya turubai, na nyingine zikawa pilau la majirani na dua tu. Sikuwalaumu, ila nilikuwa nawapita nikiwa na mfuko wa mboga mkononi, nasikia mjomba anavyoharibu, na roho inaniuma.

Gauni jekundu lilikaa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Mdogo wangu akija likizo alikuwa analigusa na kusema, "Dada, hili usiliuze. Ndilo utakalovaa siku yangu." Nami namjibu atafute kwanza mwanaume.

Katika hali hiyo baba akafa. Hakuumwa sana. Alilalamikia kifua, tukamwambia aje hospitali mjini, akasema mpaka amalize kupura alizeti zake. Kabla hajamaliza, akawa ameshaondoka.

Msiba ulijaa. Kanisa lilituazimisha spika mbili, moja wakaifunga kwenye mti mbele ya nyumba, nyingine wakaipeleka kule shambani lilikochimbwa kaburi. Katekista aliyetakiwa kuongoza alikuwa amekauka sauti kwa mafua, akisema neno moja anakohoa matatu. Watu wakaanza kuvurugana. Wenye mashada hawajui zamu yao, wapishi hawajui kama watu watakula kabla au baada ya kuzika, waliotoka mbali wanaulizana njia. Baba mdogo akaja nilipokuwa nimeketi mkekani na wanawake, mdogo wangu ameniegemea begani, akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Wewe si ndiyo kazi yako? Inuka utusaidie. Mzee asizikwe kama mtu asiye na watoto."

Neno lile liliniinua kuliko mkono wa mtu. Nikamwegemeza mdogo wangu kwa mwanamke aliyeketi karibu yake, nikakaza kanga kiunoni, nikaenda kushika maiki. Nilipofungua mdomo ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuitumia. Badala ya kuirusha juu mwisho wa sentensi, niliishusha, nikaiacha ikae chini. Umati ukatulia. Nikawapanga wachukuzi wa jeneza, nikawaita wenye mashada kwa zamu, nikawaelekeza wazee kwenye kivuli na wapishi kwenye moto. Wachimba kaburi walipokuwa wanashusha kamba nikawaongoza polepole, upande huu, upande ule, mpaka jeneza likakaa sawasawa. Hakuna kilichokwenda vibaya. Hata padri alimaliza kwa wakati.

Baadaye watu wakawa wananishika mkono, wananipa pole na kunisifu kwa pumzi moja. Mama mmoja aliyekuja kutoka Mwankoko akanivuta pembeni. "Pole sana mwanangu," akasema. "Msiba umekuwa na mpangilio mzuri. Mume wangu naye hali yake siyo nzuri. Hebu nipe namba yako." Nikampa. Vumbi la kaburi la baba lilikuwa bado liko kwenye viatu vyangu.

Sikulia siku ile. MC halii akiwa kazini, na nilipomaliza kazi kulikuwa na sufuria za kurudisha kwa watu, spika za kurudisha kanisani, wageni wa kusindikiza. Nikapanda gari kurudi mjini macho yakiwa makavu, nikajiona mwanamke jasiri.

Mume wa yule mama hakukaa sana, naye akafariki. Wakanipigia, nikaenda, nikashusha sauti. Pale pale nikapata msiba mwingine, na kwenye huo nikapata wa tatu. Harusi inaahirishwa hadi mavuno yajayo, lakini maiti humwambii asubiri bei ya alizeti ipande. Watu ambao wasingenipa kazi ya sendofu walikuwa wanachangishana ili mzee wao asindikizwe kwa heshima. Nikaanza tena kununua nyama.

Aliyenifundisha kujitangaza upya ni mwanamke mwenye steshenari, rafiki yangu, mwenye mdomo kunizidi mimi, na hilo siyo jambo dogo. Siku moja alinikalisha kwenye kigoda chake, akaiangalia picha yangu ya zamani kwenye simu, ile ya gauni la dhahabu na mikono juu.

"Wewe hapa una sura ya kichenpati," akasema. "Nani atamwita mtu anayemetameta hivi aje amzikie baba yake? Biashara imebadilika, na wewe badilika. Jitengeneze upya."

Tukajitengeneza. Nilinunua blazia nyeusi ya mtumba na blauzi nyeupe, nikavua wigi, nikasuka mistari ya kurudi nyuma. Alinipiga picha nimesimama ukutani kwake, na kila nikitabasamu anaifuta. "Punguza meno," anasema. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka nikabaki na mdomo wa mtu aliyekumbuka jambo. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Kisha tukatengeneza kadi, na hapo ndipo akili zetu mbili zilipokutana na kupotea pamoja. Tuliona ni ujinga kuacha sherehe kabisa, maana hali ikitengemaa watu wataoa tena. Kwa hiyo upande mmoja wa kadi tukaweka pete na maputo, tukaandika Sherehe. Upande wa pili tukaweka mshumaa na msalaba, tukaandika Misiba. Namba ya simu ileile. Tukacheka na kupongezana.

Sijui tulikuwa tunafikiria nini. Kwetu hata jembe lililochimba kaburi haliingii nyumbani kabla halijaoshwa. Mimi nikachukua harusi na kaburi nikavichapisha kwenye karatasi moja, halafu nikawa nawapa mama za mabibi harusi mkononi.

Wa kwanza alinipokea vizuri, akanipa chai, akausoma upande wa maputo huku anatabasamu. Akaigeuza kadi. Akaiweka mezani kwa ncha za vidole, akasema watanipigia. Wa pili alikuwa mkweli zaidi. "Dada yangu, wewe ndiye uliyemzika shemeji yetu," akasema. "Ukimwambia bwana harusi ainuke, watu watatafuta jeneza liko wapi." Akacheka, nami nikacheka, maana lilichekesha kweli. Nilipofika barabarani nikasimama kwa muda sijui nilikuwa naelekea wapi.

Basi nikawa wa misiba. Nikaondoa maputo, nikabakiza mshumaa, kwenye stetasi ya simu nikaweka ile picha ya mdomo uliopungua. Kazi ilikuwepo. Lakini nilianza kuona watu wanavyonipokea. Mwenye bucha wa mtaani kwetu akiniona na blazia anaacha kukata nyama na kuuliza, "Nani tena?" Majirani waliokuwa wakiniita nikipita, siku hizi walikuwa wananisalimia kwa upole mno, salamu ya kumpa mtu pole. Mama mmoja mjamzito alihama upande wa barabara, nikajifanya sikumwona. Nilijiambia haya yote ni ya kupita. Mvua zitarudi, bei itapanda, na hata zisiporudi kuna sherehe moja ambayo hakuna wa kuninyang'anya.

Mdogo wangu alipangiwa shule upande wa Iramba, na huko akampata kijana wa Kinyiramba, mtumishi wa afya, mpole, anayesalimia wakubwa kwa kuinama hasa. Posa ikaletwa, ikapokelewa, mahari ikazungumzwa na baba mdogo. Mimi nikaanza kunoa sauti. Asubuhi nikichota maji nilikuwa najaribu ile ya zamani, ya kurusha juu. Ilikuwa ngumu, inapanda kidogo halafu inarudi chini yenyewe. Nikanywa asali na ndimu. Nikatoa gauni jekundu kwenye nailoni nikalianika lipigwe upepo. Wanyiramba na sisi Wanyaturu hatukosi la kutaniana, na nilikuwa na utani wa kutosha kuwaweka wakwe macho mpaka jioni.

Kamati ilikaa uani kwa shangazi, Mwankoko. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti na mama mkuu wa shughuli yote. Wakapitia chakula, wakapitia ukumbi, wakakubaliana iwe mchana kwa sababu ya hali ilivyo. Walipofika kwenye uongozaji nilikuwa nimeshakaa mkao wa kukubali kwa unyenyekevu. Shangazi akaangalia chini.

"MC ameshapatikana," akasema. "Kuna kijana anatoka Dodoma."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Shangazi, kijana gani? Na mimi?"

"Wewe ni mlezi, mwanangu. Utakaa meza kuu."

"Meza kuu nitakaa nikiwa na maiki. Nani amekataa?"

"Usiulize hapa."

"Nikaulizie wapi? Makaburini, ndiko ninakojulikana?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba mmoja akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Nikajua. Nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga, nikatembea hadi nyumbani huku nikiwatukana Wanyiramba wote kimoyomoyo, kuanzia Kiomboi mpaka Mkalama, walio hai na waliotangulia. Nilikuwa na hakika ni wao. Wameogopa mkosi. Wameona picha yangu, wameona ule mshumaa, wamesema sauti hiyo isimwombee kijana wetu heri. Siku zilizofuata nilikosa usingizi na hamu ya kula, na kila nikiwaza nilikuwa nawatungia maneno ya kuwaambia siku ya harusi, maneno mazito ambayo kwa bahati nzuri hawakuyasikia.

Jumamosi mdogo wangu akaja. Alinikuta uani nachambua mchele.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba," nikasema bila kuinua uso. "Hao wakwe zako wanajiona nani? Wao kwao hawafi?"

Akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua na yeye. 

"Siyo wao, Dada. Ni mimi niliyemwambia shangazi."

Nikamwangalia. 

"Unaniogopa mkosi? Wewe?"

"Siyo mkosi." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Siku ya baba uliinuka ukaniacha mkekani. Nilijua unaenda na utarudi. Halafu nikaanza kukusikia. Ulikuwa kwenye mti, ulikuwa kule shambani, ulikuwa kila mahali. Unawaambia watu wasogee, unawaambia wainame. Nilikutafuta, Dada. Nilipita katikati ya watu nakutafuta, nakusikia na sikuoni. Baba anashushwa, na mkono nilioshika ulikuwa wa mama nisiyemjua."

"Mtu alitakiwa kuongoza," nikasema.

"Najua. Na uliongoza vizuri. Kila mtu anasema." Sasa alikuwa analia, lakini anaendelea kuchambua. "Tangu siku ile nikisikia sauti yako kwenye spika nakuwa kama niko pale tena, nakutafuta. Hata ukiwa unatania. Siku yangu sitaki kukutafuta. Nataka ukae karibu yangu tu."

Mtu mwingine angemkumbatia. Mimi nilikasirika. Nilimwambia sauti hiyohiyo ndiyo iliyomnunulia sare za shule, sauti hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha chuo, na kwamba nimeisubiri siku hii tangu akiwa na meno ya utotoni. Akasema, "Najua, Dada," kila nikimaliza, wala hakubishana. Nikainuka nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikilitazama gauni. Niliumia. Sitaki kulipamba hilo kwa maneno. Niliumia kwa sababu alichoniomba kilikuwa kidogo na cha haki, na kumpa hicho ilikuwa ni kukiacha kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho kwenye kazi yangu.

Nilipotoka alikuwa amemaliza mchele wote na ameuosha. Nikabandika maji. Tulikula bila kulizungumza tena, na hapo tukawa tumekubaliana.

Siku ya sendofu nilivaa kitenge cha sare ambacho kamati iliwashonea wanawake wote wa familia. Gauni jekundu nililiazimisha siku chache kabla, kwa binti wa jirani aliyeitwa kuongoza kichenpati, na sikuuliza litarudi lini. Ukumbi ulikuwa na joto la saa nane, mapazia membamba hayazuii jua, na mapambo yalikuwa ya kuazima ila shangazi aliyapanga kwa ustadi. Nilikaa meza kuu, mkono wa kushoto wa bibi harusi.

Yule kijana wa Dodoma hakuwa mbaya. Hilo nalo liliniuma. Alikuwa anawahi mno, anakimbilia kicheko kabla hakijaiva, na aliwaita wajomba kabla ya mashangazi, jambo ambalo shangazi yetu hatalisahau akiwa hai. Lakini aliurusha mwisho wa sentensi juu na ukumbi ukaudaka. Nilikuwa naongoza naye chinichini bila kukusudia, nanong'ona, sasa ita muziki, sasa wape nafasi wapumue. Mdogo wangu akanishika mkono chini ya meza. Nikanyamaza.

Ikafika zamu ya neno la wazazi. "Namwomba mlezi wa bibi harusi," kijana akasema, "mama aliyemkuza, asimame atupe neno la kumuaga binti yake." Akaja na maiki, akaninyooshea kwa heshima. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, na mkono wa mdogo wangu haukuniachia. Ulinibana zaidi. Nikaitazama ile maiki. Nilikuwa naijua, ni aina ile inayotaka uishike mbali kidogo na mdomo la sivyo inapiga miluzi. Nikatikisa kichwa. Kijana akadhani sijaelewa, akaisogeza tena. Nikamsukuma mkono taratibu, nikamgeukia mdogo wangu, nikazungumza kwa mdomo mtupu.

Nilikuwa na hotuba niliyoitunga kwa miaka. Sikukumbuka hata neno lake la kwanza. Nilimwambia, "Baba angekuwepo leo angekuambia, nenda mwanangu. Mimi hilo neno limenishinda. Nenda, lakini siyo mimi niliyekuambia."

"Hatusikii!" wakapiga kelele wa nyuma. "Mama, tumia maiki! Hatusikii huku!"

Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia hasikii. Niliwasikia, na sikupandisha sauti. Nilirudia maneno yaleyale palepale karibu na sikio lake, na hapo machozi yakanitoka, ya siku ile na ya msiba wa baba yakiwa yamechanganyikana, na sikuweza kuyatenga tena. Mdogo wangu akaniegemea begani mbele ya watu wote mpaka vipodozi vyake vikanichafua kitenge. Kijana wa Dodoma alikuwa na busara, akaita muziki.

Jioni wakwe wakamchukua, maana harusi yenyewe ilikuwa kwao Iramba. Nilimshika mkono hadi mlangoni mwa gari, na pale mume wake mtarajiwa akaupokea, akainama kunisalimia kwa mara nyingine ingawa tulishasalimiana mara nyingi siku ile. Gari likaondoka likipiga honi. Mkono wangu ukabaki na jasho lake.

Asubuhi nilikuwa nje nasugua sufuria za watu wakati simu ilipoita. Namba ngeni.

"Shikamoo," akasema binti mmoja. Sauti yake ilikuwa ya kujikaza.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, wewe ndiye MC wa misiba?"

"Ni mimi."

Akaniambia baba yao amefariki, wanazika kesho, kijiji kimoja nje kidogo ya Ikungi. Akasema hali yao ni ngumu, mwaka huu hawakuvuna kitu, kunilipa hawawezi na hataki kunidanganya. "Nimeamua nitaongoza mwenyewe," akasema. "Mimi ndiye mkubwa, na kuongea mbele za watu ninaweza. Nilikuwa naomba tu unielekeze. Kinatangulia nini, kinafuata nini, nisije nikamwaibisha mzee."

Nilikaa kwenye ngazi, mikono ina povu.

"Una wadogo?" nikamuuliza.

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi sasa hivi?"

 Nikamsikia anageuka, anauliza watu walio karibu naye, nao wanaulizana. Alichukua muda kurudi kwenye simu.

"Sijui," akasema, na ile sauti ya kujikaza ikaanza kukatika. "Alikuwa hapa."

"Mtafute," nikamwambia. "Ukimpata kaa naye, usimwachie mkono mpaka mtakapomaliza kuzika. Maiki niachie mimi. Nakuja."